Macho Yana Pazia: Mwendo wa Jicho na Ustadi wa Kuona

Mhadhara wa umma uliosomwa Gatsata, Kigali



Naomba nianze na baba yangu. Alikuwa fundi wa kabureta hapa hapa Gatsata, chini bondeni, upande wa mto Nyabugogo. Aliletewa injini zilizoshindikana kwingine. Aliinama juu ya injini, akatulia, kisha macho yake yakaenda mahali pamoja na mkono ukafuata. Alipovuka miaka arobaini na mitano akaanza kuniita kila mara: "Mwanangu, hebu niokotee kile kiskrubu." Nilidhani ananifundisha kazi, kumbe alikuwa hakioni. Pole pole akaacha kabureta, akabaki na kubadilisha oili na kuziba pancha. Wateja wakasema uzee umemwingia na ustadi umemtoka, naye akakubali. Ikapita miaka sita. Siku moja jirani aliyefiwa na mama yake alimpa miwani ya kusomea ya marehemu, akisema pengine itamfaa. Baba aliivaa, akashusha kabureta iliyokuwa imelala rafuni, akaifungua na kuisafisha tundu baada ya tundu. Hakusema neno mpaka jua likazama.

Mikono yake haikuwa imesahau kitu. Nimeisoma sayansi ya kuona kwa miaka mingi, na kila ninachojifunza hunirudisha kwenye rafu ile. Nililonalo la kuwaambia leo ni moja: kuona ni ustadi. Jicho haliletewi dunia likiwa limekaa. Huiendea, kituo baada ya kituo, na hujua pa kwenda kwa sababu limefundishwa. Ndiyo maana niliomba mhadhara huu usomwe hapa badala ya ukumbini chuoni. Hapa, katikati ya gereji za mafundi, ndipo penye macho yaliyosoma.

UKUCHA WA KIDOLE GUMBA

Kiswahili kililijua jambo hili zamani. Tuna kuona, ambako humtokea mtu hata bila kutaka. Tuna kutazama, ambako huyaelekeza macho kwa hiari yake. Tuna kuangalia, ambako ndani yake mna uangalifu, na ndiyo sababu anayekuonya barabarani hupiga kelele "Angalia!" Tuna kukagua, kuchungulia, kukodoa na kutupa jicho, kama mvuvi anavyotupa ndoana. Watu waliobuni vitenzi vyote hivi walijua kwamba jicho lina kazi nyingi, na kila kazi ina namna yake.

Sasa tufanye jaribio. Kila mmoja anyooshe mkono mbele, ainue kidole gumba, akazie macho ukucha wake. Bila kuyasogeza macho hata kidogo, jaribuni kusoma maandishi ya bango lililo nyuma yangu. Mnajua kwamba bango lipo, rangi yake mnaiona, lakini herufi hazisomeki. Sehemu ya dunia mnayoiona kwa ukali kamili kwa wakati mmoja ina upana wa nyuzi mbili hivi, kiasi cha ukucha huo. Zaidi ya hapo ni ukungu unaozidi kadiri unavyotoka katikati.

Sababu iko nyuma ya jicho, kwenye utando uitwao retina. Retina ina chembe milioni 120 hivi za kuonea gizani na milioni 6 hivi za kuonea rangi na mambo madogo madogo. Hizi za rangi zimesongamana katikati, kwenye kishimo chenye upana wa milimita moja na nusu tu, kiitwacho fovea. Usomapo gazeti, utiapo uzi kwenye sindano, utafutapo ufa kwenye gasketi, unatumia fovea. Sehemu nyingine yote ya retina kazi yake kubwa ni kuiambia fovea iende wapi.

Basi jicho halina budi kwenda. Kila jicho lina misuli sita inayolizungusha, nayo hulirusha mara tatu hivi kwa sekunde. Wataalamu huuita mwendo huu sakadi. Mimi nitauita mruko. Baada ya mruko jicho hutua, huchukua robo ya sekunde au pungufu kidogo kukusanya linachokitaka, kisha huruka tena, kama shore anavyoruka tawi hadi tawi. Mruko mkubwa huzidi nyuzi 500 kwa sekunde: kwa kasi hiyo, kama jicho lingeweza kuzunguka bila kizuizi, lingemaliza duara zima kabla sekunde haijaisha. Pigeni hesabu. Mtu akikaa macho saa 16 kwa siku, akarusha macho mara tatu kila sekunde, anapata miruko 172,800. Moyo wenyewe hupiga mara laki moja hivi kwa siku.

Mmoja wa watu wa kwanza kuliwazia jambo hili kwa kina hakuwa na kamera. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, aliyefanya kazi yake Cairo mwanzoni mwa karne ya 11, aliandika Kitabu cha Manadhir. Humo alieleza kwamba ili mtu apate hakika ya umbo la kitu, mhimili wa jicho lazima upite juu ya sehemu zake moja moja. Neno manadhir ni ndugu wa maneno yetu mawili: mandhari na nadharia. Yote yametoka kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kutazama. Mwanafunzi anayeogopa neno nadharia akumbuke kwamba asili yake ni tendo analolifanya kila aamkapo.

KUSIKILIZA MACHO

Hata hivyo mpaka karne ya 19 wengi waliamini kwamba macho huteleza juu ya mstari wa maandishi kama maji juu ya jani la mgomba. Katika miaka ya 1870, maabara ya daktari wa macho Louis Émile Javal mjini Paris ikaonyesha kwamba macho ya msomaji hudunda. Javal mwenyewe baadaye alipofuka kwa presha ya macho, na mwaka 1903 akatoa kitabu cha kuwasaidia vipofu wenzake kuishi. Mtu aliyefungua mlango wa elimu hii aliimalizia kazi yake gizani.

Mwaka 1879, Ewald Hering aliweka mirija kwenye kope za msomaji, akasikiliza. Akasikia vishindo vifupi vifupi, kishindo kwa kila mruko. Mafundi mnaelewa vizuri alichokifanya. Nimewaona mkiegesha bisibisi kwenye injini inayonguruma, mpini ukiwa sikioni, mkitafuta beringi iliyokufa. Hering aliisikiliza misuli ya jicho kwa namna hiyo hiyo.

Baadaye Edmund Huey, Mmarekani, alitengeneza kikombe kidogo cha plasta kilichokaa juu ya jicho, chenye kitundu cha kuonea na kijiti cha kuchora mwendo wake. Mwaka 1901 Raymond Dodge na Thomas Cline waliacha kuligusa jicho: walipiga picha nuru iliyorudi kutoka kwenye konea, kioo cha mbele ya jicho. Vifaa vya leo vinafuata njia hiyo. Taa ndogo ya miale isiyoonekana humulika jicho, kamera huipima mboni na kimeta cha taa juu yake, na kompyuta hukokotoa mtu anatazama wapi. Kifaa kizima huingia kwenye fremu ya miwani.

PAZIA

Wahenga walisema macho hayana pazia. Walimaanisha kwamba huwezi kumzuia mtu asione kilicho mbele yake, na katika adabu ya watu maneno yao yamesimama. Ndani ya jicho hali ni nyingine, na ushahidi wake mnao madukani mwenu.

Kesho asubuhi, kabla wateja hawajafika, chukua kioo cha pembeni cha gari. Litazame jicho lako la kushoto, kisha la kulia, kisha rudi kushoto. Utaona macho yaliyotulia kila mara; hutayaona yakienda. Mwombe mwenzako akutazame usoni wakati huo huo, naye atakwambia yanaruka waziwazi. Dodge aliliandika jambo hili mwaka 1900, na tangu hapo limepimwa kwa kila namna. Jicho linaporuka, ubongo huizima sehemu kubwa ya habari inayopita humo. Kama usingefanya hivyo, dunia ingekupita kama ukuta unavyompita mtoto anayezungushwa hewani, mara tatu kila sekunde, tangu alfajiri hadi usiku.

Mruko wa kawaida huchukua kama sehemu 40 za elfu moja za sekunde. Zidisha kwa miruko 172,800 na utapata karibu saa mbili. Kila siku, mkiwa macho kabisa, mnapita karibu saa mbili nyuma ya pazia, na hakuna anayejua. Ubongo huunganisha kituo na kituo kama fundi cherehani anayeficha mshono, nasi tunajikuta na kitambaa kizima.

Na jicho likikataa kwenda? Alfred Yarbus, mwanasayansi wa Kirusi, alibandika juu ya jicho kikombe kidogo chenye picha ndani yake, hivi kwamba jicho likisogea picha nayo inasogea pamoja nalo. Ndani ya sekunde chache picha ilififia, ikatoweka. Nuru ilikuwa ikiingia, jicho lilikuwa zima, lakini hapakuwa na kitu cha kuona. Chembe za retina huchoka na kisichobadilika. Hata mnapodhani mmekaza macho, yanatetemeka kidogo kidogo na kuifufua picha. Kuona na kwenda ni jambo moja. Ukiliondoa la pili, la kwanza nalo linakwisha.

JICHO LINAULIZA

Kama jicho huruka, linajuaje pa kutua? Yarbus alijaribu kulijibu swali hili katika kitabu kilichotoka kwa Kirusi mwaka 1965 na kwa Kiingereza mwaka 1967. Aliwaonyesha watu mchoro wa Ilya Repin: mtu aliyerudi nyumbani bila kutarajiwa, na jamaa zake wakimgeukia. Mtazamaji alipoulizwa watu wale wana umri gani, macho yake yalikwenda kwenye nyuso. Alipoulizwa familia ina uwezo gani, yalikwenda kwenye nguo na samani. Mchoro ni ule ule na mtazamaji ni yule yule, lakini njia ya macho ilibadilika kwa sababu swali limebadilika.

Mwaka 1999 Michael Land na wenzake nchini Uingereza waliwavisha watu kamera kichwani wakiwa wanapika chai. Jicho lilifika kwenye birika, kikombe na kifuniko kama nusu sekunde kabla ya mkono, na likaondoka kwenda kwenye tendo linalofuata kabla mkono haujamaliza la kwanza. Vitu visivyohusu chai, hata vikiwa vya kupendeza, karibu havikutazamwa kabisa.

Nilikumbuka chai hiyo wiki iliyopita, nikiwa nimekalia tairi kuukuu katika gereji moja hapa chini, kwa ruhusa ya mwenyewe. Iliingia Hilux inayotetemeka. Fundi alizitoa plagi nne, akazipanga juu ya gunia kwa mpangilio ule ule wa injini, akamwambia kijana wake: "Tazama." Kijana alitazama kwa bidii. Macho yake yalikwenda kwenye chapa iliyoandikwa kwenye kauri, yakashuka kwenye hesi, yakarudi juu kwenye kauri. Fundi hakuigusa kauri kwa macho. Alitua kwenye ncha: ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, kisha akarudi kwenye ya tatu na kubaki hapo. Zile nyingine tatu zilikuwa na kahawia hafifu, alama ya injini inayochoma vizuri. Ya tatu ilikuwa imelowa oili. Ingekuwa na masizi makavu, angeshuku petroli nyingi. Ingekuwa nyeupe iliyoungua, angeshuku joto kupita kiasi. Yote hayo aliyasoma kwa miruko mitano. Kijana alikuwa na macho makali kuliko yake, na hakuona kitu, kwa sababu hakuwa na swali.

Swali hilo lina hatari yake pia. Mwaka 1999 Daniel Simons na Christopher Chabris waliwaomba watu wahesabu pasi za mpira katika filamu, na karibu nusu yao hawakumwona mtu aliyevaa kama gorila akipita katikati ya wachezaji. Mwaka 2013 Trafton Drew, Melissa Võ na Jeremy Wolfe wakalipeleka swali kwa mabingwa. Waliwapa madaktari 24 wa picha za mionzi kazi yao ya kila siku: kutafuta vivimbe vidogo kwenye picha za mapafu. Ndani ya picha ya mwisho waliweka gorila, ingagi wetu huyu wa Virunga, mkubwa mara 48 kuliko kivimbe cha kawaida. Madaktari 20 hawakumwona. Kifaa cha kufuatilia macho kilionyesha kwamba wengi wa hao 20 walimtazama moja kwa moja. Jicho lilitua juu yake, lakini hakuwemo katika swali lililolipeleka pale.

BARABARA YA GATUNA

Sasa toeni macho nje ya gereji, barabarani. Njia hii inayopita Gatsata, ikapanda Karuruma na Nyacyonga kuelekea Gicumbi na Gatuna, ni shule kubwa ya macho. Mwaka 1994 Land na David Lee walipima macho ya madereva kwenye barabara yenye kona nyingi mjini Edinburgh. Sekunde moja au mbili kabla ya kuingia kona, macho yalikwenda kwenye ukingo wa ndani, mahali ambapo kona inaonekana kujikunja, na yakarudi hapo tena na tena. Huko ndiko usukani ulikopata habari zake. Dereva mgeni hutazama karibu na boneti yake. Mzoefu hutazama anakokwenda.

Madereva wa malori mlio hapa mnabeba mzigo mwingine usiopimwa kwenye mizani. Mnatoka Mombasa mkiendesha upande wa kushoto, mnavuka Kenya na Uganda, na mpakani Gatuna mnahamia kulia. Gari huhama mara moja. Macho huchelewa. Kwa siku nyingi yamezoea kwamba kwenye makutano gari la karibu hutokea kulia, nayo hurushwa kulia kwanza kabla dereva hajafikiri. Hapa gari la karibu hutokea kushoto. Ushauri wangu ni wa elimu hii yenyewe: ukishavuka mpaka, taja kwa sauti unakotazama, kushoto kwanza, kwenye kila makutano ya siku ya kwanza. Mazoea yaliyoingia bila maneno hutolewa kwa maneno.

Na kwa wote wanaoingia barabara kuu hapa kwenye msongamano wa Nyabugogo: mtupo mmoja wa jicho hautoshi. Pikipiki ni nyembamba, yaweza kuangukia kati ya kituo na kituo cha macho yako, na ubongo ukaushona mshono juu yake. Tazama, tua, kisha tazama tena. Yule wa pikipiki ana mtu aliyembeba mgongoni.

NANI ANAONA VIZURI

Kuna swali lililoulizwa juu yetu sisi Waafrika kwa muda mrefu, na mara nyingi liliulizwa vibaya: je, watu wa hapa wanaona kama watu wa kule? Mwaka 1966 Marshall Segall, Donald Campbell na Melville Herskovits walitoa matokeo ya uchunguzi mkubwa uliofanywa katika jamii nyingi, zikiwemo za Banyankole na Batoro wa Uganda, jirani zetu hapa kaskazini. Walitumia mistari miwili yenye urefu sawa, mmoja ukiwa na ncha zilizofunga kama mshale na mwingine ncha zilizofunguka. Waliodanganyika zaidi na kuuona mmoja mrefu walikuwa Wamarekani wa Evanston, Illinois. Watafiti walidhani waliokulia kati ya kuta na pembe za useremala husoma kila pembe kama kona ya chumba. Maelezo hayo yanabishaniwa hadi leo. Lakini matokeo yenyewe yaliondoa dharau moja mezani: aliyekosea zaidi hakuwa mwanakijiji.

Kazi ninayoipenda kuliko zote ni ya Robert Serpell, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Zambia. Mwaka 1979 alieleza alivyowapa watoto wa Zambia na watoto wa Uingereza kazi moja: kunakili umbo. Kwa kalamu na karatasi, watoto wa Uingereza walishinda. Kwa waya, watoto wa Zambia walishinda, kwa sababu wamekua wakikunja magari ya waya yenye magurudumu na usukani. Kwa udongo wa mfinyanzi, ambao pande zote mbili huuchezea, walilingana. Kipimo kimoja cha karatasi kingetosha kumwita mtoto wa Lusaka mzito wa kuona. Waya ulitoa ushahidi wake.

Kusoma nako ni hivyo. Asomaye Kiingereza hukusanya herufi kama 15 upande wa kulia wa pale jicho lilipotua, na tatu au nne tu upande wa kushoto. Asomaye Kiebrania au Kiarabu hufanya kinyume chake. Pwani yetu iliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi kabla ya hizi za Kilatini. Mzee wa Lamu anayesoma hati zote mbili amelifundisha jicho lake njia mbili za kwenda.

ZANA ISIYOFUNGIWA SANDUKUNI

Kama kuona ni ustadi, jicho ni zana, na zana hutunzwa. Kila jioni mnazihesabu spana, mnazifuta, mnazifungia. Jicho hurudi nyumbani na vumbi lake.

Jambo la kwanza ni lile lililompata baba. Kuanzia miaka arobaini hivi, lenzi ya jicho hukakamaa na kushindwa kujikunja kwa ajili ya vitu vya karibu. Humpata kila mtu atakayefika umri huo, na dawa yake ni miwani ya kusomea. Rwanda imefanya jambo la kujivunia hapa. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, Wizara ya Afya pamoja na shirika la Vision for a Nation, lililoasisiwa na James Chen, iliwafundisha wauguzi zaidi ya 2,000 kupima macho na kutoa miwani kwenye vituo vya afya, na kufikia mwisho wa mwaka 2017 huduma ilikuwa imewafikia watu wa vijiji vyote vya nchi, vinavyokaribia 15,000. Miwani ambayo baba aliipata kwa msiba wa jirani, leo huipata mtu kwa mguu wake mwenyewe. Kinachobaki ni kwenda. Nchini Kenya nako, Andrew Bastawrous na wenzake huko Nakuru walionyesha mwaka 2015 kwamba simu ya mkononi, ikionyesha herufi E iliyogeuzwa huku na huku, hupima uoni karibu sawa na chati ya hospitali.

Jambo la pili ni makengeza. Wako wanaomwambia mzazi kwamba yataisha yenyewe, na wako wanaoyasifu kuwa ni urembo. Macho mawili yakitazama njia mbili, ubongo wa mtoto huchagua moja na kuacha kulisikiliza la pili. David Hubel na Torsten Wiesel, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1981, walionyesha kwa paka wachanga kwamba jicho lililonyimwa kazi utotoni hupoteza nafasi yake ndani ya ubongo, hata likifunguliwa baadaye. Mtoto mwenye makengeza apelekwe mapema, kabla hajaanza shule. Kila mwaka unaopita hupunguza kinachoweza kurudishwa.

La tatu ni watoto wenye ualbino, walio katika nchi zetu zote za Afrika Mashariki. Fovea zao hazikukomaa kikamilifu, na macho yao hucheza huku na huku bila hiari. Mwalimu anayemwambia mtoto huyo atulize macho anamdai kisichowezekana. Amsogeze mbele, ampe maandishi makubwa, amruhusu kuinamisha kichwa upande ambao macho yake hutulia zaidi.

La nne ni lenu, mnaochomelea vyuma. Miwani ya jua haizuii miale ya kuchomelea. Giza lake huidanganya mboni ifunguke, na miale isiyoonekana ikaingia. Maumivu huja saa kadhaa baadaye, usiku, kama mchanga uliomwagwa chini ya kope. Na wenye mashine ya kusaga vyuma msitegemee kupepesa. Kope huchukua kama sehemu moja ya kumi ya sekunde kufunga, na cheche haingoji. Vaeni kinga yenyewe, na yule kijana anayewashikia chuma naye avae.

KUMSHIKA MTOTO KICHWA

Ndugu zangu, nina ombi kwa wenye wanafunzi. Mnapowaambia "Tazama," wanatazama, na hawaoni. Nimewaonyesha sababu. Waambieni waanze wapi, watue wapi, warudi wapi, na kwa nini. Mtamfikisha kijana kwa mwezi mmoja mahali ambapo angefika kwa miaka miwili ya kukisia. Sisi wa chuo nasi tuje na vifaa vyetu, tuandike njia za macho yenu kabla hazijaondoka pamoja na wenyewe, kwa sababu elimu iliyomo humo haijaandikwa popote.

Nilipokuwa mdogo, baba hakuwa na maneno mengi. Aliponifundisha alisimama nyuma yangu, akanishika kichwa kwa mikono miwili yenye grisi, akakizungusha taratibu mpaka pua yangu ikaelekea mahali anapopataka, kisha akangoja. Nilichukia, kwa sababu mama aliniosha nywele kwa shida. Leo najua alichokuwa akinipa. Alikuwa akiyapeleka macho yangu mahali yasipopajua bado, akiyaacha hapo mpaka yaone.